Kuvuka Atlantiki mchana au usiku: maswali ya wasafiri wa Mwanza

Ninakata tiketi za ndege katika ofisi ya meza mbili na feni moja, katikati ya mji. Wateja wangu wa Marekani na Kanada ni wazazi wanaokwenda kwenye mahafali ya Mei, wanafunzi, na akina bibi wanaoitwa kulea mjukuu mchanga. Wakienda hawana neno. Wakirudi ndipo simu zinapoanza: "Mwanangu, ile ndege ya usiku nusura inimalize." Maswali yaliyo hapa ni yao. Mengine huulizwa kila wiki, mengine huulizwa mara moja kwa mwaka lakini yana uzito.

Kumbe kuna ndege za mchana? Mbona mimi nilirudishwa usiku?

Zipo, ila chache. Ukitoka Ulaya kwenda Marekani karibu ndege zote huvuka bahari mchana, kwa hiyo wakati wa kwenda uliipata bila kuiomba. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ndege nyingi huondoka Marekani jioni na kutua Ulaya asubuhi. Za mchana huanzia miji ya upande wa mashariki, hasa New York na Newark, Boston na Washington, nyingi zikielekea London. Zinaruka kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi na kutua usiku wa siku hiyo hiyo.

Ukimwambia mkata tiketi "nirudishe tarehe 20" bila kusema zaidi, kompyuta itakuletea ya usiku. Ya mchana lazima uitaje.

Kwa nini wasiweke nyingi, kama watu wanazitaka?

Piga hesabu kwa vidole. Kutoka New York hadi London ni saa 7 hivi hewani, na London iko mbele kwa saa 5. Jumla ni saa 12 za ukutani. Ukiondoka saa 2 asubuhi unatua saa 2 usiku, bado treni zipo na hoteli ziko wazi. Sasa anzia Los Angeles: safari ni saa 10 na zaidi, tofauti ni saa 8. Ukiondoka saa 2 asubuhi unatua saa 8 za usiku wa manane. Nani atakupokea? Tena uwanja wa Heathrow wa London umewekewa kikomo cha ndege za usiku, 5,800 tu kwa mwaka, kwa sababu ya kelele kwa wakazi. Ndiyo maana mchana unawafaa watu wa pwani ya mashariki peke yao.

Halafu kuna biashara yenyewe. Ndege moja ikienda mchana na kurudi usiku, inamaliza mzunguko wake ndani ya saa 24 bila kulala popote. Ndege ya jioni pia inasubiri abiria wanaokusanywa siku nzima kutoka miji ya ndani ya Marekani, na ikitua Ulaya asubuhi inawagawa kwenda India, Afrika na kwingineko. Ni kama basi la Nyegezi linalongoja magari ya Geita na Sengerema yashushe watu kwanza.

Hata njia za angani zimefuata desturi hiyo. Kila siku waongoza ndege wa Gander, Kanada, na wa Prestwick, Scotland, huchora njia za kuvuka Atlantiki ya kaskazini kulingana na upepo: seti moja ya mchana kwa wanaokwenda magharibi, nyingine ya usiku kwa wanaokwenda mashariki. Ndege ya mchana ya kuelekea mashariki inakwenda kinyume na msafara, hivyo hupangiwa njia yake pembeni.

Si nitalala tu humo ndani? Usiku mmoja una shida gani?

Kama umewahi kukaa daraja la tatu kwenye meli ya Bukoba, unajua kulala ukiwa umeketi kulivyo. Meli lakini inakupa usiku wote. Ndege haikupi.

Tuseme umeondoka New York saa 3 usiku. Chakula kinakuja, sahani zinaondolewa, taa zinazimwa: saa moja na nusu imekwisha. Kabla ya kutua, saa nzima mapema, taa zinawashwa, mnaletewa chai na mkate. Katika saa 7 umebakiwa na nne na nusu, ukiwa na bahati na jirani asiyekwenda chooni kila mara. Unatua saa 3 asubuhi ya London, na mwili wako unasema ni saa 10 alfajiri.

Upepo nao unazidisha. Huko juu kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na marubani huupanda kama mvuvi anavyotumia tanga. Tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Rubani alifurahi bila shaka. Abiria aliyekuwa anatafuta usingizi alipata nini?

Lililo baya zaidi ni mwanga. Saa ya ndani ya mwili inarekebishwa na mwanga wa jua, lakini inategemea umeupata wakati gani. Ukipata mwanga mkali baada ya joto la mwili kufika chini kabisa, yaani saa mbili tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka, saa ya mwili inasogea mbele, ndiko tunakotaka tunaporudi nyumbani. Ukiupata kabla ya hapo, inasogea nyuma. Anayetua Ulaya saa 1 asubuhi akitoka New York yuko saa 8 usiku kimwili. Lile jua zuri la asubuhi linamvuta kurudi Marekani! Ndiyo maana mtu anafika Mwanza na wiki nzima anakodoa macho dari usiku kucha, kama mvuvi wa dagaa wa Igombe aliyekosa mtumbwi.

Ukivuka mchana unatua giza limeingia au linakaribia, unaoga, unajaribu kulala kitandani. Usingizi hautakuja haraka kwa sababu mwili uko saa 9 alasiri. Lakini kesho yake unatoka nje saa 4 au 5 asubuhi, na jua hilo linakusaidia.

Tiketi imeandikwa 20:30, halafu kuna +1 kidogo pembeni. Nielewe vipi?

Hili ningelichapa kwenye bango.

Tiketi nyingi hutumia saa za kizungu za 0 hadi 24, na kila saa ni ya mji unaoondokea au unaotua. Kupata saa zetu, toa sita. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Ikiwa tangu mwanzo ni sita au chini yake, ongeza sita badala ya kutoa. 08:00 ni saa 2 asubuhi. 13:15 ni saa 7 na robo mchana. 20:30: toa sita unapata 14:30, toa kumi na mbili, ni saa 2 na nusu usiku. Alama ya +1 maana yake unatua tarehe inayofuata. Ndege ya mchana haina +1, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuitambua kwenye orodha ndefu: tafuta safari ya kwenda mashariki isiyo na +1 kwenye kipande cha kuvuka bahari.

Mtego wenyewe uko kwenye saa sita za usiku. Tiketi ya tarehe 14 saa 00:40 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14. Yaani tarehe 13 jioni uwe tayari uwanjani na mizigo yako. Wazee wetu wanaohesabu siku kuanzia magharibi hawakosei hapa: kwao usiku wa Jumatatu ni ule unaoitangulia Jumatatu. Tunaokosea ni sisi vijana wa simu. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimwambia mjomba wangu "ndege yako ni tarehe 14 usiku". Akafika Dar tarehe 14 jioni, kavaa suti, ndege ilikuwa imeondoka saa kumi na nane zilizopita. Nililipa tofauti ya tiketi kwa miezi minne. Mpaka leo akiniona hunisalimia kwa kuniuliza tarehe.

Jambo jingine: Marekani na Uingereza hubadilisha saa, sisi hatubadilishi. Majira yao ya baridi, New York iko nyuma ya Mwanza kwa saa 8. Majira ya joto ni 7. Wala hawabadilishi siku moja. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati ya hapo, New York na London zinatofautiana kwa saa 4 badala ya 5. Mkimpigia mtu simu aje kukupokea, hakikisheni mnazungumzia saa ile ile.

Hiyo ndege ya mchana, kweli nitaona mchana?

Inategemea mwezi. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua kuchomoza na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hili hushangaza. Unapokwenda mashariki unalikimbilia giza. Desemba, London jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Ukiondoka New York saa 2 asubuhi, giza litakukuta katikati ya bahari, umepata mwanga wa saa nne hivi. Juni ni kinyume: London jua huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo utavuka bahari yote kwenye mwanga na kutua bado kweupe.

Nahitaji viza ya Uingereza kulala London?

Swali hili ndilo huamua mambo kwa wateja wangu wengi, lije kabla ya bei.

Mtanzania anahitaji viza kuingia Uingereza. Hata kupita uwanjani bila kutoka, kwa kawaida, kunahitaji viza ya kupitia. Mwenye viza halali ya Marekani aliye safarini kwenda au kutoka huko anasamehewa hiyo ya kupitia. Tena kuna utaratibu wa kuruhusiwa kutoka nje kwa usiku mmoja bila viza, mradi una tiketi iliyothibitishwa ya kuondoka kwa ndege kabla ya siku inayofuata kuisha. Ruhusa hiyo hutolewa na afisa wa uhamiaji pale mlangoni, kwa hiari yake. Anaweza kukubali, halazimiki. Na mwanafunzi ambaye viza yake ya Marekani iliisha muda akiwa masomoni asidhani yuko salama. Hesabu yake ni nyingine kabisa.

Ushauri wangu: soma ukurasa wa serikali ya Uingereza wewe mwenyewe wiki unayonunua, chapisha, tembea nao. Kama ni mzee asiyezungumza Kiingereza na anasafiri peke yake, siwezi kumpeleka mlangoni kwa afisa saa 3 usiku akategemee hiari. Huyo nampa ya usiku.

Ya mchana ni bei rahisi?

Wakati mwingine nauli ni ndogo kwa sababu haiungi vizuri na ndege nyingine. Lakini ongeza hoteli ya Heathrow kwa pauni, chakula cha jioni, usafiri wa kwenda na kurudi. Kwa wengi inaishia kuwa ghali zaidi. Unanunua usingizi, basi jiulize usingizi wako una thamani gani wiki hiyo. Mtu anayeingia kazini kesho yake, au anayewahi msiba na bado ana safari ya gari kutoka Mwanza hadi Magu, hesabu yake si sawa na ya mstaafu anayerudi kwa kuku wake.

Kata tiketi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mapumziko ya chini ya saa 24 katika safari ya kimataifa huhesabiwa kuwa kuunganisha ndege, kwa hiyo haikatwi kama vituo viwili. Uliza pia mizigo mikubwa inakwenda moja kwa moja au unaichukua London. Beba nguo ya kulalia kwenye begi la mkononi, usije ukalala na kanzu ya mahafali.

Kutoka London nitafikaje nyumbani?

Utabadili tena, Nairobi, Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha Dar au Kilimanjaro, kisha Mwanza. Hapa ndipo watu wanapojiharibia. Anachagua ndege ya mchana ya Atlantiki, anashinda njaa ya usingizi London, kisha anapanda ya jioni kwenda Afrika na kukesha kwenye kiti. Umelipa hoteli kisha umerudi kule kule. Ukivuka bahari mchana, lala London, halafu tafuta ndege ya asubuhi au ya mchana kuja huku. Ukishindwa kuipata, ni afadhali uvuke Atlantiki usiku, upande ya mchana kutoka Ulaya kuja Tanzania, ukalale Dar. Katika safari yetu kuna usiku mmoja wa kuutoa sadaka. Usitoe miwili.

Na ile ya Nairobi hadi New York moja kwa moja?

Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018. Ni saa 14 hadi 15 hewani. Kurudi huondoka New York mchana, lakini usidanganyike: ukijumlisha saa za safari na tofauti ya saa, unatua Nairobi kesho yake asubuhi. Usiku uko ndani yake, ila ni mrefu wa kutosha kulala kweli, bila kubadili ndege Ulaya. Kwa akina mama wanaoogopa viwanja vikubwa naipenda kuliko zote.

Mama ana miaka 71, miguu inavimba. Mchana ni salama zaidi?

Ndege ni ile ile, hewa ni ile ile. Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni kama uko mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kama yuko Njombe, wakati Mwanza ni 1,140 hivi. Unyevu uko chini ya asilimia 20, midomo inakauka. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka kwa safari yoyote ya kuketi zaidi ya saa 4, usiku au mchana.

Tofauti iko kwenye mwenendo. Mchana watu wako macho, anainuka, anatembea kwenye ujia, anaomba maji. Usiku anaona haya kuamsha jirani, anajikunja hadi asubuhi. Mwombee kiti cha ujiani kwa vyovyote. Akiwa na historia ya damu kuganda au ya moyo, amwone daktari wake kabla hatujakata chochote.

Na mtoto mdogo?

Chini ya mwaka mmoja, usiku. Mwaka mmoja hadi mitatu, Mungu akusaidie. Zaidi ya hapo, mchana.

Nikae upande gani?

Kurudi mashariki mchana, jua litakuwa mbele kisha kulia. Asiyetaka kuchomwa akae kushoto. Wakati wa kwenda magharibi, kaa kulia: siku ambazo njia imepinda sana kaskazini, unaweza kuona barafu ya Greenland ikiwa hakuna mawingu.

Vidonge vya usingizi je?

Kwenye ndege ya saa 7 sivipendi. Vingine vinakulaza zaidi ya muda wa safari, unaamshwa wakati wa kutua hujui uko wapi, na aliyelala fofofo hainuki kunyoosha miguu. Pombe ndiyo kabisa. Chai na kahawa ziache baada ya nusu ya kwanza ya safari, kama unakusudia kulala ukifika.

Kwa nini mnasumbuka hivi, si zamani watu walisafiri tu?

Zamani hawakukesha angani! Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa hapa hapa Mwanza. Ilikuwa hasa ya barua, na ilichukua siku kadhaa, kwa sababu ndege za wakati ule ziliruka mchana, na usiku zililala chini pamoja na watu wake. Babu wa rafiki yangu alikuwa akisimulia kwamba wazee walikuwa wakiangalia juu ya ziwa kuona kama imekuja. Kwa hiyo mteja anayeniomba ndege ya mchana na kitanda usiku anaomba kitu cha zamani sana katika mji huu.

Nikitua Dar usiku, niunganishe Mwanza hapo hapo?

Kama ipo na unaiwahi, sawa, ni saa moja na nusu tu. Lakini acha saa tatu kamili kati ya kutua na kuondoka. Utapita uhamiaji, utasubiri mizigo, utaikabidhi upya. Nikiweza nakulaza Dar na kukupa ya asubuhi. Omba dirisha. Ndege ikishuka utaona ziwa lote na mawe yake kwenye jua, na ukitoka nje kaa kwenye mwanga huo nusu saa kabla ya kuingia kwenye gari, hata kama nyumbani wameshachinja na wanakusubiri.